Hifadhi za bahari Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu zinavyotengwa na kusimamiwa

Maswali yafuatayo ni yale ambayo watu wa Dodoma na mikoa ya jirani huuliza mara nyingi wanaposikia habari za hifadhi za bahari: wanafunzi wa vyuo, madiwani, watumishi wa umma na wauza samaki. Majibu yanahusu zaidi Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, nayo imejibiwa peke yake.

Hifadhi ya bahari ni nini, na inatofautiana vipi na eneo tengefu?

Hifadhi ya bahari ni eneo kubwa ambalo ndani yake mna bahari, fukwe, mikoko, visiwa na mara nyingi vijiji vyenye watu, na ambalo matumizi yake yamepangwa kisheria. Watu huendelea kuishi humo, kulima na kuvua, ila kwa utaratibu. Eneo tengefu kwa kawaida ni dogo zaidi, aghalabu kisiwa kisicho na wakazi pamoja na miamba inayokizunguka, na humo uvuvi hauruhusiwi. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ambavyo wakazi wengi wa Dar es Salaam huvijua kwa matembezi ya mwisho wa wiki, ni maeneo tengefu. Aina hizi mbili zinasimamiwa kwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994.

Zipo ngapi, na ziko wapi?

Hifadhi za bahari ni tatu. Ya kwanza ni ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye kilomita za mraba 822. Ya pili ni ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mkoani Mtwara, ya mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650. Ya tatu ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (jina la samaki wa kale wa kina kirefu) mkoani Tanga, ya mwaka 2009, yenye kilomita za mraba 552. Msomaji azingatie kwamba vipimo hivi vinajumlisha nchi kavu: pale Ghuba ya Mnazi, takriban theluthi moja ya hifadhi ni ardhi. Maeneo tengefu yametawanyika katika bahari ya Dar es Salaam, Tanga, Pangani na Mafia.

Hifadhi ya Taifa ya Saadani nayo inagusa Bahari ya Hindi, lakini iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Mikoko, kwa upande wake, ni misitu ya hifadhi na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mvuvi mmoja anaweza kupita katika mamlaka tatu tofauti kwa safari moja ya ngalawa, na hilo ni tatizo la kweli ambalo mipango ya usimamizi hujaribu kulitatua kwa vikao vya pamoja.

Sisi tuko katikati ya nchi, mbali na bahari. Jambo hili linatuhusu nini?

Linatuhusu kwa njia mbili, na ya kwanza ni maji. Mto Ruaha Mkuu huingia bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ukapita Kidatu, ukaungana na Rufiji, na kumwaga maji yake katika delta inayotazamana na Mafia. Mto Kinyasungwe, unaoanzia katika nchi yetu hii ya Dodoma, huishia katika Mto Wami, unaofika baharini Saadani. Udongo unaomomonyoka Mpwapwa au Kongwa baada ya mvua kubwa hauishii bondeni. Sehemu yake huwa tope, na tope likifika kwenye matumbawe huyafunika na kuyazibia mwanga, yakadhoofika na hata kufa.

Hata hivyo si kila tope ni adui. Mikoko ya delta ya Rufiji, ambayo ndiyo msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki, inaishi kwa udongo unaoletwa na mto, na kamba wanaovuliwa huko hukulia katika mikoko hiyo. Bwawa likizuia udongo wote, delta hukosa chakula; mmomonyoko ukizidi, miamba hukosa pumzi. Kwa hiyo anayepanga malisho na kilimo katika mabonde ya Dodoma anapanga pia sehemu ya bahari, atake asitake, na kwa maoni yangu jambo hili lingestahili kuwemo katika mipango ya matumizi ya ardhi ya wilaya zetu kuliko lilivyo sasa.

Njia ya pili ni maamuzi. Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko hapa Dodoma, na Bunge linakaa hapa. Mstari unaochorwa katika maji ya Mtwara hupata nguvu yake ya kisheria kwa kalamu inayotumika Dodoma.

Eneo huchaguliwaje?

Huanza kwa utafiti wa viumbe na makazi yao: matumbawe, majani ya bahari, mikoko, mazalia ya samaki, fukwe wanapotagia kasa, mapito ya nguva. Eneo hupata uzito zaidi ikiwa makazi hayo yako karibu karibu, kwa sababu samaki wengi hawamalizi maisha yao mahali pamoja. Changu wadogo wa aina kadhaa hukulia katika mikoko au majani ya bahari, kisha huhamia mwambani wakikomaa. Ukifunga mwamba ukaacha mikoko ikatwe, umefunga sebule ukaacha mlango wa nyuma wazi.

Wakati mwingine kiumbe mmoja ndiye anayesukuma uamuzi. Silikanti alidhaniwa ametoweka duniani tangu zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka alipopatikana akiwa hai katika pwani ya Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa katika majarife, yaani nyavu kubwa, yaliyotegwa kwenye kina kirefu, na ndipo hoja ya kuanzisha hifadhi ikapata nguvu.

Sayansi peke yake haitoshi. Lazima ijulikane nani anavua wapi, kwa zana gani, na katika msimu upi. Ramani nzuri ya matumbawe isiyoonyesha dago la wavuvi, yaani kambi wanazopiga wakati wa msimu, ina upungufu mkubwa kwa kazi hii.

Nani anatangaza hifadhi, na kwa hatua zipi?

Waziri mwenye dhamana ya uvuvi ndiye anayetangaza, kwa amri inayochapishwa katika Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo, sheria inataka mashauriano na mamlaka za serikali za mitaa zinazohusika, na Bunge kuridhia kwa azimio. Mafia ilipitia njia hiyo mwaka 1995 na kuwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini.

Kati ya hatua zote, ya mashauriano ndiyo inayoamua hatima ya hifadhi, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Sheria ya 1994 ni nzuri kwa hili: moja ya malengo yake ni kwamba vijiji na wakazi wa eneo washirikishwe katika hatua zote za kupanga, kuendeleza na kusimamia hifadhi, wapate sehemu ya manufaa, na wapewe kipaumbele katika matumizi ya rasilimali. Maneno hayo yana uzito. Mkutano wa kijiji unaoitishwa wakati wavuvi wako baharini, ramani ikabandikwa ukutani, mahudhurio yakasainiwa, na wageni wakaondoka kabla ya jua kuzama, haujatimiza lengo hilo hata kama muhtasari wake umegongwa muhuri. Mashauriano ya kweli hufanyika maji yanapokuwa mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, kwa sababu ndipo wengi wanapokuwa nyumbani. Huwasikiliza wanawake wanaochokoa pweza mbali na wanaume wenye mashua. Na hurudi mara ya pili na rasimu iliyobadilika kutokana na yaliyosemwa.

Wazee wa Kondoa wanalielewa hili bila kuelezwa na mtaalamu wa bahari. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika vibaya la Kondoa. Nyasi na miti vilirudi, nao ni ushahidi kwamba ardhi ikipumzishwa hupona. Lakini familia zilizolazimika kutoa ng'ombe wao zilibeba gharama kwa ajili ya wote, na kumbukumbu ya gharama hiyo haikufutika majani yalipoota. Anayefunga mwamba wa samaki anafunga malisho ya mtu.

Je, hifadhi ikitangazwa wavuvi hufukuzwa?

Hapana. Hifadhi hugawanywa katika kanda kwa mujibu wa Mpango wa Jumla wa Usimamizi. Mafia, kwa mfano, ina kanda za aina tatu. Katika ukanda wa msingi hakuna kuvua kabisa. Mtu anaweza kuzamia kwa kutazama au kufanya utafiti kwa kibali. Katika ukanda wa matumizi maalumu, wakazi wa vijiji vya hifadhi huvua kwa zana zilizoruhusiwa, kama mishipi na madema, yaani mitego ya kusukwa, huku zana zinazoharibu mwamba zikikatazwa. Katika ukanda wa matumizi ya jumla uvuvi unaendelea kwa upana zaidi, na wageni wenye vibali wanaweza kuruhusiwa.

Kinachokatazwa kila mahali ni baruti, sumu, na zana kama juya, yaani wavu wa kukokota. Juya likipita juu ya majani ya bahari hung'oa mizizi na kuzoa samaki wachanga ambao hata kitoweo hawafikii. Kulikataza ni sahihi. Lakini juya huajiri vijana wengi wasio na chombo wala mtaji, na kwa hiyo katazo lisiloambatana na njia ya kubadilisha zana huwaacha wakivua usiku.

Nani anasimamia shughuli za kila siku?

Juu kabisa kuna Bodi ya Wadhamini, na chini yake Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kilicho chini ya Wizara. Kila hifadhi ina mhifadhi mfawidhi pamoja na watumishi wake, na kamati ya ushauri inayojumuisha wawakilishi wa halmashauri, vijiji, watafiti na wafanyabiashara. Vijiji vina kamati za kuunganisha wananchi na hifadhi.

Nje ya hifadhi, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 imeweka vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mtu pwani huviita BMU. Wakazi wa kandokando ya Mtera na maziwa makuu wanavijua pia. BMU hukagua zana, huandikisha vyombo na kuripoti uhalifu. Uwezo wao unategemea kama wana boti, mafuta, na uhakika kwamba mtuhumiwa waliyemkamata hatarudi kesho akiwacheka.

Uvuvi wa baruti umekwisha?

Umepungua sana. Kwa miongo kadhaa Tanzania ilijulikana vibaya kwa mabomu ya majini, na pwani ya Tanga na Dar es Salaam ziliumia zaidi. Mlipuko mmoja huua kila kiumbe kilicho karibu na kuvunja matumbawe yaliyochukua miongo kukua. Samaki wengi huzama wasiokotwe, na mwamba hubaki kifusi kinachosukwasukwa na mawimbi, ambacho matumbawe machanga hayawezi kushika juu yake. Mabadiliko yalikuja zaidi baada ya mwaka 2016, vyombo mbalimbali vya dola vilipofanya kazi kwa pamoja na kufuatilia vilipuzi tangu vinakotoka, badala ya kumsubiri mvuvi majini. Mhifadhi mwenye boti moja hawezi kushindana na biashara ya baruti inayoanzia machimboni nchi kavu.

Je, samaki huongezeka kweli?

Huongezeka pale masharti yanapotimia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliolinganisha maeneo 87 ya hifadhi duniani, ulibaini sifa tano zinazoleta matokeo: kutovua kabisa, ulinzi wa kweli, umri wa zaidi ya miaka 10, ukubwa unaozidi kilomita za mraba 100, na kutengwa na maji ya kina au mchanga. Maeneo yenye sifa moja au mbili tu hayakutofautiana na maji yasiyohifadhiwa. Hivyo mtu akisema hifadhi fulani haikusaidia, swali la kwanza ni kama ililindwa, na kwa muda gani.

Sababu ya kibiolojia ni rahisi. Chewa mkubwa wa kike hutaga mayai mengi kupita uwiano wa ukubwa wake, kiasi kwamba mmoja huwashinda wadogo wengi. Mwamba unaovuliwa kila siku humaliza wakubwa kwanza. Ukifungwa kwa miaka, wakubwa hurudi, na mayai yao huchukuliwa na mkondo hadi maji ya jirani, ambako hakuna aliyekatazwa kuvua.

Pweza hutoa mfano wa haraka zaidi. Maisha yake ni mafupi, na anapokua huongezeka uzito kwa kasi kubwa. Vijiji kadhaa vya pwani, vya Mafia vikiwemo, vimekuwa vikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache na kuifungua wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mpaka mwamba ukawa mkavu. Siku ya kufungua, wanawake na wanaume hushuka kwa pamoja, kila mmoja na mtalimbo wake, wakichungulia mashimo yenye vipande vya kaa na kombe mlangoni, kwa sababu pweza hutupa mabaki ya chakula chake nje na hivyo kujitaja mwenyewe. Anayetolewa huwa mzito, mnunuzi yupo ufukweni na mzani, na kijiji hukata sehemu ya mapato kwa ajili ya zahanati au darasa. Ufungaji wa namna hii si mbadala wa ukanda wa kudumu, maana samaki wa mwambani wanahitaji miaka. Lakini hujenga imani, kwa kuwa faida yake huonekana ndani ya msimu mmoja.

Fedha za kuendesha hifadhi zinatoka wapi?

Sehemu kubwa hutokana na viingilio na tozo za watalii, nyingine kutoka serikalini na kwa wafadhili. Sehemu ya mapato hurudishwa kwa vijiji na halmashauri. Utaratibu huu una hatari yake, na mwaka 2020 ulionyesha wazi: ugonjwa wa korona ulipofunga safari, mapato yaliporomoka wakati ulinzi ulihitajika vilevile. Mafia ina wazamiaji na wanaokuja kuogelea na papa potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote. Ghuba ya Mnazi iko mbali na njia kuu za watalii, na haiwezi kutegemea chanzo hicho kwa kiwango hicho hicho. Hifadhi zisizo na mvuto wa kitalii zinahitaji bajeti ya uhakika kutoka Hazina, na wabunge wanaopitisha bajeti hapa Dodoma ndio wa kuulizwa.

Itakuwaje kukiwa na gesi au bandari ndani ya hifadhi au jirani yake?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), kabla ya mradi kuanza. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, kabla hifadhi haijakuwepo, na uzalishaji ulianza mwaka 2006 hifadhi ikiwa tayari imetangazwa. Vitu hivi viwili vinaishi pamoja hadi leo. Mwanakijiji aliyekatazwa juya na huku akiona mitambo ng'ambo ya pili huuliza swali la haki, na jibu lake ni kuonyeshwa tathmini, masharti ya mradi na ripoti za ufuatiliaji, kwa Kiswahili.

Zanzibar inaendeshwaje?

Uvuvi wa maji ya karibu na uhifadhi wake si mambo ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria na idara yake. Ina maeneo makubwa ya uhifadhi kama Ghuba ya Menai, lililotangazwa mwaka 1997, na Mkondo wa Pemba, la mwaka 2005. Mwamba wa kisiwa cha Chumbe ulifungwa mwaka 1994 na unaendeshwa na kampuni binafsi isiyogawana faida, kwa mapato ya wageni na huku ikifundisha wanafunzi. Uvuvi wa bahari kuu, kwa pande zote mbili, uko chini ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu.

Hifadhi inazuia athari za joto la bahari?

Haizuii. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Mafia yalipauka na kufa, yakiwemo ya mwamba wa Tutia, ndani ya hifadhi. Tofauti huja baadaye. Mwamba wenye samaki wengi wanaokula mwani, kama pono, una nafasi nzuri zaidi ya kupona, kwa sababu husafishwa na matumbawe machanga hupata pa kushika. Kisiwa cha Maziwe, karibu na Pangani, kinaonyesha mpaka wa uwezo wa sheria: kilikuwa na miti na fukwe za kasa, kisha miti ikaisha, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji yanapojaa, hata mayai ya kasa yanayotagwa hapo huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasizame.

Lengo la asilimia 30 ni lipi, na Tanzania iko wapi?

Desemba 2022, nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana huko Montreal kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya ardhi na ya bahari iwe imehifadhiwa ipasavyo. Hifadhi zetu tatu za bahari kwa jumla zina kilomita za mraba 2,024, ilhali ukanda wetu wa kiuchumi baharini una takriban 223,000. Hizo ni chini ya asilimia moja, kabla ya kuongeza maeneo ya Zanzibar na maeneo tengefu. Pengo ni kubwa, na kishawishi cha kulijaza kwa kuchora mistari mikubwa maji ya mbali, ambako hakuna mvuvi wa kulalamika wala boti ya kulinda, kitakuwa kikali. Neno la kushikilia katika makubaliano hayo ni «ipasavyo».

Mipaka na kanda zikishawekwa, zinaweza kubadilishwa?

Kanda hupitiwa upya pamoja na Mpango wa Jumla wa Usimamizi, na huo ndio wakati ambao kijiji kinaweza kuomba eneo liongezwe ulinzi au kanuni ya zana irekebishwe. Kuna sababu za msingi za kufanya hivyo. Papa potwe wa Mafia, kwa mfano, hukusanyika zaidi upande wa Kilindoni, nje ya mipaka ya hifadhi iliyochorwa kabla tabia zao hazijachunguzwa kwa kina. Kubadilisha mpaka wa nje wa hifadhi ni jambo zito zaidi, linalorudi kwenye mamlaka ileile iliyoutangaza.

Mkazi wa Dodoma anayetaka kutoa maoni aanzie wapi?

Wizara hupokea maoni kwa maandishi, na kamati za Bunge huwaalika wadau wakati miswada ya sheria inapojadiliwa. Tangazo la kuwaita wadau hutolewa kwa muda mfupi, hivyo vikundi na vyuo vinavyofuatilia mambo haya viwe na hoja zao tayari. Kwa wanaoishi katika mabonde ya Kinyasungwe na Ruaha, kikao cha karibu zaidi ni cha bodi ya maji ya bonde na mkutano mkuu wa kijiji unaojadili matumizi ya ardhi: hapo ndipo inapoamuliwa kama ukingo wa mto utalimwa au utaachwa na miti yake.